Mashine Iliyotaka Bulanjeri Yetu Ifungwe

Ilianza Jumamosi, saa nane na nusu mchana, tonton alipoweka ordinateur, yaani kompyuta yake, juu ya meza yetu ya kulia, mtaani Kadutu. Tonton, mdogo wa maman, alikuwa ametoka masomoni Ulaya na programu aliyoisifu sana: imetiwa ujuzi wa mabingwa wa biashara, inauliza maswali, kisha inakushauri namna ya kupanga mwaka. Papa alikuwa na bulanjeri ndogo ya kuoka na kuuza mikate. Maman alitaka tanuru ya pili, papa alisitasita. Mwishowe akasema mashine ndiyo itakata shauri.

Nilipewa kazi ya kuandika majibu kwa kuwa shuleni tulijifunza daktilo, kupiga chapa. Nilifurahi, maana mwandishi hatazamwi usoni. Lakini habari ilizunguka, sebule ikajaa majirani na jamaa za papa kutoka kisiwa cha Idjwi.

Swali la kwanza: mauzo yanaongezeka au yanapungua?

Papa akawatazama jamaa zake. Kwetu mtu hasemi mbele ya ukoo kwamba mambo yanamwendea vizuri, la sivyo watampangia foleni ya shida zao.

"Inapungua," akasema.

Nikageuka. Asubuhi ile ile watu walirudi mikono mitupu, mikate imekwisha.

"Andika, mama," papa akaniambia mimi binti yake. "Inapungua."

Wateja? "Banatukimbiaka." Unga? "Tunaokotezaka tu."

"Na ile tumbo unaitoaka wapi?" shangazi akauliza. Watu wakacheka, papa akavuta shati lake.

Tonton akasoma shauri: tanuru isijengwe, bulanjeri ifungwe. Maman akaenda jikoni. Binamu mmoja akampa papa pole kama yuko msibani.

Wageni walipoondoka nilijikaza, ingawa kusema mbele ya papa hunitoa jasho. "Papa, mashine haikukosea. Ilijibu kile tuliiambia. Tufunge mulango, tuiulize tena."

"Na kama jirani anasikia?"

"Utaninong'oneza."

Akaninong'oneza kweli, na maman nyuma yake akisahihisha: "Sema yote. Hii kitu haina ndugu, haitakuomba sukari."

Safari hii ikashauri tanuru ya pili, ila kwanza tutafute mkandaji mwingine wa unga. Papa akasema sasa mashine imepata akili. Tonton akatazama dari.

Asubuhi yake, baada ya misa, nilishika ncha ya kamba nyuma ya nyumba, maman akipima mahali pa tanuru. Jirani akauliza tunajenga nini. Papa akajibu ni nyumba ya sungura. Nikaikaza kamba, nikamwambia maman asogee kidogo kushoto.