Majani ya Juu ya Tembe

Yudith alikuwa na zaburi yake moja, na hakuitumia kuomba mvua wala afya. Aliitumia kumwombea shemeji yake Mazengo aangamie.

Tusimlaumu haraka. Mumewe alipofariki, Mazengo alitaka kumrithi kama ilivyokuwa desturi ya Wagogo. Yudith akakataa kwa kuwa alikwisha kubatizwa, na Mazengo tayari alikuwa na wake wawili. Basi shemeji akaswaga ng'ombe wote wa marehemu, akamwachia ndama mmoja kipofu. Ungekuwa wewe ungeimba zaburi gani?

Kusoma hakujua. Mwalimu Yotham, aliyewasomea Wakristo wa pale Gulwe kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, ndiye aliyesoma mahali panaposema waovu wawe kama majani yaotayo juu ya nyumba: yananyauka upesi, mvunaji hapati hata konzi moja, na wapita njia hawamtakii baraka. Hilo la wapita njia lilimpendeza Yudith kuliko yote, kwamba mtu avune asipate hata pole. Tembe lake, nyumba ya Kigogo, lilikuwa na paa bapa la udongo, na kila masika majani yaliota juu yake. Akawa anapanda kuyang'oa, na kwa kila shina anataja jina la Mazengo. Yotham alimwambia hiyo si sala.

"Imo kitabuni, mwalimu," Yudith akajibu. "Sikuitunga mimi."

Mwaka wa pili wa vita vya Wazungu, askari wa Mdachi walipita wakikusanya wapagazi, wakachukua wana wote wa Mazengo. Wake zake wakarudi kwao. Akabaki peke yake, mguu umevimba, hawezi kusimama sembuse kupanda paani. Mvua zikanyesha. Yudith akienda kisimani aliona majani ya paa la Mazengo yamefika magotini. Majani yakiachwa, mizizi hutoboa udongo, maji yakapenya, boriti zikaoza, paa likamshukia aliye ndani. Yudith alijua hayo, na tuseme ukweli, alifurahi siku tatu nzima.

Siku ya nne akaona upande mmoja umebonyea. Asubuhi hiyo alianza zaburi akaiacha katikati, maana alikuwa anaomba jambo ambalo angeweza kulizuia kwa mikono yake mwenyewe. Akachukua jembe akapanda juu ya paa lile, amemkasirikia Mazengo, amemkasirikia Yotham, amejikasirikia na yeye.

Aling'oa mpaka jua la utosi. Hayakuwa ya konzi moja. Aliyatupa chini mafungu kwa mafungu, akashindilia udongo palipotoboka. Jina la mtu hakulitaja.

"Nani huko juu?" sauti ya mgonjwa ikauliza.

"Ni mimi, Yudith."

Mazengo hakuwa Mkristo, wala hakuwahi kusikia zaburi hata moja.

"Pole na kazi, shemeji," akasema.

Yudith akaketi palepale juu ya paa, mikono imejaa majani, akalia. Kisha akajibu, "Asante," akaendelea kung'oa.