Mawe ya Sentimita Mbili

Marehemu mume wangu aliishughulikia mvua ya mawe kuliko inavyomstahili mtu mwenye akili zake. Si kwamba aliipenda. Aliichukia, lakini aliamka nayo na kulala nayo, na mimi mkewe nilikuwa katikati. Yote yalianza kiangazi kimoja alipokuwa akiendesha foklifti kwenye bohari moja la Smithfield. Gari letu lilikuwa limeegeshwa nje na ya wenzake, wingu likaja kutoka kusini-magharibi, na kwa muda wa mtu kunywa chai bati lote likawa limebonyea. Gari lilirudi nyumbani kwetu Guildford lina vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Tangu hapo hakuliamini anga.

Akaanza kusoma. Ndiye aliyenifundisha, nitake nisitake, kwamba katika nchi hii tuliyohamia idara ya hali ya hewa haitoi onyo la ngurumo kali kwa kila barafu inayodondoka. Lazima mawe yatarajiwe kufika kipenyo cha sentimita mbili. Upepo na mafuriko vina vipimo vyake pia, lakini yeye alijali mawe. Chini ya sentimita mbili ni mvua tu yenye vishindo, kila mtu na bahati yake. Kuanzia mbili huitwa makubwa. Kuanzia tano wana neno jingine, ambalo yeye alilitafsiri "mawe majitu." Nikamwambia jitu ni la kwenye hadithi, hula watu. Akasema subiri uone.

"Na kwa nini mbili?" nilimuuliza siku moja, kwa kumchokoza tu. "Kwa nini si moja na nusu?"

"Lazima pawe na mahali pa kuanzia, mke wangu. Wakionya kwa kila kipande, watu wataacha kusikiliza."

Tulikuwa na kundi letu la Waswahili kwenye simu: watu wa Mombasa, Wazanzibari, sisi wa Tanga, Wakenya wa bara wanaofanya kazi hospitalini, na Wakongo wachache ambao Kiswahili chao kilimtoa jasho mume wangu. Wazee wengi humo hawasomi Kiingereza. Basi onyo likitoka, yeye ndiye aliyelitafsiri na kulisoma kwa sauti, kwa ile sauti ya mtu wa redio aliyokuwa haitumii nyumbani.

Mara ya kwanza aliharibu. Alidhani sentimita hazitaeleweka, akasema mawe yatakuwa ya ukubwa wa zabibu. Yeye alikuwa na maana ya zabibu mbichi, zile nono tulizozoea kununua sokoni Cabramatta. Lakini mtu wa pwani akisikia zabibu, anaona zile kavu zilizojikunja, za kutia kwenye pilau. Watu wakacheka. Mama mmoja wa Mombasa akajibu kwamba wakiokota za kutosha watamletea sahani. Nguo zikaachwa kambani, magari yakaachwa barabarani, na jioni ile yule mama alipiga picha kioo cha gari la mwanawe, kimepasuka upande hadi upande, akaandika: "Zabibu zako hizi, shemeji."

Mume wangu hakula usiku huo. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Baada ya hapo hakutaja tunda tena. Ikawa sentimita tu, na asiyezijua alitumiwa picha ya rula. Akajiwekea na sharti: hawapelekei watu onyo mpaka aone kwa macho yake limetaja mawe makubwa. Alikuwa na kichwa kigumu, na mambo yake aliyafanya kwa utaratibu, na sikuwahi kumwambia kwamba niliupenda.

Alikufa majira ya baridi, akiwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu aende kazini. Kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa. Niliita, watu wakaja, wakafanya yaliyofanywa, na mimi nikasimama pembeni nikitazama kile kiatu kingine.

Sikulia. Wanawake walikuja kunipa mkono wa pole, wakalia wao, wakanitazama, wakalia tena ili kunionyesha njia. Mmoja akasema kwa mwenzake, akidhani sisikii, kwamba mwanamke huyu ana moyo wa chuma. Laiti ningekuwa nao. Mimi sikuwa na chochote humo ndani. Nilikaa eda kwenye nyumba yetu ya kupanga, sitoki hata kumwaga taka uani, na nikaona afadhali, maana sikutaka kwenda popote wala kubaki nilipo.

Binti yetu ndiye aliyepata tabu. Anasoma chuo kikuu, tunakaa pamoja, anaelewa Kiswahili chote hata matusi, lakini hujibu kwa Kiingereza. Alikuwa amempoteza baba, na sasa anaona mama naye anaondoka huku amekaa kitini. Hakuficha. Alitaka nilie. Akikosa hilo, alitaka nimgombeze. Alikuwa akiacha taulo sakafuni makusudi, akisubiri. Siku moja alinipa chai aliyoitia chumvi badala ya sukari, akasimama mlangoni kunitazama. Niliinywa yote, nikamrudishia kikombe.

"Mum, it was salt," akasema.

Nikasema ahsante, mwanangu. Ndivyo nilivyokuwa. Nilimwona anavyoumia na nilijua kwamba mama mzima angeinuka, lakini kujua hakukunipeleka popote.

Simu ya baba yake hakuizima. Aliichaji kila siku na kuiweka juu ya friji, nami sikumuuliza kwa nini. Mchana mmoja wa joto kali, kuelekea mwisho wa eda yangu, ile simu ikalia. Sikuinuka. Binti akaishusha, akasoma, akatazama nje upande wa kusini-magharibi, ambako anga lilikuwa limeanza kupata rangi ya kijani kilichochafuka.

"It says large hail," akasema, yaani mawe makubwa. "Fairfield, Guildford, Parramatta. Nani atawaambia?"

Swali lenyewe nililisikia, tena nilisikia kwamba lilikuwa la Kiswahili. Lilinipita.

Kisha akaenda chumbani na ile simu, nikasikia anajaribu, anakatiza, anaanza upya. Baada ya muda simu yangu mwenyewe, iliyokuwa mapajani, ikawaka. Juu ya kioo palikuwa na jina nililomwekea mume wangu tulipofunga ndoa: Mwenzangu. Ujumbe mpya wa sauti kutoka kwa Mwenzangu.

Mtu mwingine angeruka. Mimi niliutazama kama ninavyotazama tangazo la duka. Nikaufungua.

"Asalaam aleikum jamaa," alisema binti yangu, akiiga ile sauti ya redio. "Kuna onyo. Mvua ya mawe kubwa anakuja. Sentimita mbili ama zaidi. Weka gari ndani. Usikae dirisha karibu. Ahsante."

Hapakuwa na sentensi iliyosimama wima. Nimemsahihisha mtoto huyu tangu hajaota meno, na alijua, ndiyo maana alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Alikuwa anasubiri niseme "mawe makubwa, yanakuja." Nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Nikayaacha hapo.

Huko kundini palikuwa na kimya cha ajabu. Binti hakuwa amefikiria kwamba onyo litawafikia watu kutoka kwenye namba ya marehemu. Aliyepiga wa kwanza ni jirani yetu, nesi wa Kenya, mwanamke asiyeogopa damu wala madaktari.

"Dadangu, simu ya mzee imeongea! Nimetupa yangu kwa sofa, nakupigia na ya work. Nani ako nayo?"

"Mtoto," nikasema.

"Ai! Huyo mtoto ataniua. Na hiyo mvua ni ya ukweli?"

"Ya kweli."

"Sawa, wacha nitoe gari kwa barabara. Na wewe uko aje?"

Nikamwambia sijambo. Akasema atapita kesho, nitake nisitake.

Mvua ikaja na upepo, kisha vishindo juu ya bati la gereji, vya kwanza vya hapa na pale, halafu vyote kwa pamoja hata hatukuweza kusikilizana. Haikudumu. Ilipopungua, binti alifungua mlango wa jikoni akatoka uani pekupeku, nami nikabaki ndani kwa ajili ya eda, nikimwona kupitia kioo akiinama kwenye majani. Alirudi ameloa, mkono mmoja ameufumba, akavuta droo akatoa rula. Aliweka jiwe juu ya meza, akapima, akaligeuza, akapima tena.

"Haifiki," akasema. Alisema kwa Kiswahili, bila kuigiza mtu. "Moja nukta nne, Mama. Nimechukua kubwa yote nimeona. Haifiki."

Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati. Alisema amewatisha wazee bure, kwamba wote wameona simu ya Baba ikiwaita kwa kitu ambacho hata hakistahili onyo. Akasema Baba asingekosea. Hilo halikuwa kweli, na nilitaka kumwambia, lakini sikujua maneno yako wapi.

Jiwe lilikuwa linayeyuka mezani. "Nipe," nikasema.

Aliinua kichwa. Sidhani kama nilikuwa nimeomba kitu chochote nyumbani humo tangu mazishi. Akainuka, akaniwekea kiganjani, nami nikafumba.

Mwanzo halikuniambia kitu. Lilikuwa kitu kidogo chenye maji. Kisha baridi ikaingia kwenye ngozi, ikashuka kwenye mfupa wa kidole, na nikabana zaidi. Binti alinitazama uso, akatazama ngumi yangu, maji yakidondoka kwenye gauni langu.

"Inauma," nikasema.

"Then let go, Mum. Achia."

Sikuachia. "Inauma, mwanangu. Inauma sana."

"Wapi?" aliniuliza, amepiga magoti mbele yangu, akijaribu kunikunjua vidole kimoja kimoja. "Mama, wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na kilio kikatoka.