Njia ya Kumzunguka Mama Mkwe

Wazo la kusafiri bila sababu lililetwa Nchelenge na wazungu wawili, mtu na mkewe, waliosimamisha gari lao karibu na soko la samaki wakatandaza ramani juu ya boneti. Nilikuwa nimekaa pale na magunia yangu ya chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa letu vinavyoanikwa mchangani, nikawasogelea kwa nia ya kuwauzia. Hawakununua. Mwanamume alinieleza polepole kwamba wako likizo, wametoka kusini, watapita nchi hii na ile, kisha watarudi kwao. Nikamwuliza msiba uko wapi. Akasema hakuna msiba. Nikamwuliza wamebeba nini. Akanifungulia nyuma ya gari: mablanketi, sufuria, maji ya kunywa. Watu wazima wawili, gari zima, na hakuna hata gunia moja la kuuza.

Wivu ulinishika, sitaficha. Mimi nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kalemie, kwenye ziwa lile kubwa la Tanganyika, na tangu nivuke kuja Zambia nilikuwa nimesafiri mara nyingi kuliko wazungu wale. Lakini kila safari nilikuwa nimekalia gunia au nimefuata jeneza. Mke wangu, mwenyeji wa Chienge, hata hayo hakuyapata. Yeye alikuwa akibaki nyumbani kulinda gunia jingine.

Likizo tulikuwa nayo, tatizo ni kwamba hatukuwahi kuiita hivyo. Kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari serikali hufunga ziwa ili samaki wazae, na sisi tunaoishi kwa samaki hubaki tukitazamana. Huko kwa wale wazungu miezi hiyo ni kiangazi cha kwenda kuota jua. Kwetu ni mvua asubuhi, mvua mchana, na jioni ugomvi wa nani hakuziba paa. Nikaamua kwamba mwaka ule hatutaziba paa. Tutakwenda vakansi.

"Nani amekufa?" mke wangu akauliza.

"Hakuna mutu amekufa. Tunaenda tu."

"Tunapeleka nini?"

"Hatupeleke kintu. Weye na miye, na kapu ya nguo."

Akaacha kuchambua maharagwe, akakataa kwa lugha yao. "Awe, tata. Mutu mwenye kupita mipaka tatu na mikono mitupu, batamukamata. Batasema kama ameficha."

Nikayachukua yale maharagwe nikayapanga juu ya mkeka. Haragwe la kwanza, Nchelenge. La pili, Pweto, tukishavuka mpaka kwa barabara. Kisha Kalemie, alale kwa watu wangu, aone ziwa lisiloonyesha ng'ambo. Kutoka hapo tungevuka kwa boti mpaka Kigoma, Tanzania, tukasikie Kiswahili cha watu wanaojivuna. Kutoka Kigoma tungepanda meli kushuka mpaka Mpulungu, tukawa tena Zambia, na kwa malori mpaka nyumbani. Nchi tatu, duara moja, hakuna kurudi nyuma kwa njia uliyoijia. Niliyatazama maharagwe yangu kwa furaha kubwa. Lile la Tanzania nililipa nafasi pana kidogo.

Mke wangu akaweka kidole katikati ya Nchelenge na Pweto, pale mkeka ulipokuwa mtupu.

"Na hapa?" akasema.

Hapo palikuwa Chienge. Na Chienge alikaa mama yake.

Asiyejua desturi za watu wa Luapula huenda akanicheka, basi nieleze. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawasemi pamoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hiyo si chuki, ni heshima. Huendelea hivyo mpaka siku ambayo mama mkwe mwenyewe na ndugu zake wataona mtu huyu ametosha, wampikie kwa vyungu vya mama mwenyewe, wamwingize nyumbani. Wenyewe huita kumwingiza shifyala, yaani mkwe. Baada ya hapo unakuwa mtoto wa nyumba. Mume wa mdogo wa mke wangu, kijana mvivu ambaye sijamwona akishika jembe, aliingizwa baada ya mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nimemaliza miaka saba ya ndoa nikirukia majanini. Sokoni niliwahi kujitupa nyuma ya magunia ya mihogo kwa sababu ya mwanamke aliyevaa kitenge kama chake, na hakuwa yeye. Nilikuwa nikisema sijali. Iliniuma sana.

Aliyeumia zaidi ni mke wangu. Mama yake akija Nchelenge alifikia kwa jirani, na mke wangu akawa anashinda kati ya nyua mbili. Mama anauliza kama shifyala amekula. Shifyala anauliza kama mama amelala vema. Mama anasema shifyala apunguze tumbaku. Shifyala anasema mama ashukuriwe kwa shauri lake, na ile sauti niliyoitumia mke wangu alikuwa na busara ya kutoifikisha.

"Miye sina haja ya kuona Kigoma," aliniambia jioni ile, akiyarudisha maharagwe yangu sufuriani, nchi baada ya nchi. "Nataka siku moja nikule na mama yangu na bwana yangu pahali pamoja, bila kusimama kila saa. Ile itanitosha."

Nikamwambia asubiri aione Kigoma kwanza.

Kwa adabu tulipeleka ujumbe Chienge na dereva wa lori: shifyala atapita na mkewe kwa barabara wiki ijayo, mama asishtuke. Ndivyo inavyotakiwa. Mwenye kupita anatangaza, ili mwenye heshima yake ajifungie ndani. Lakini siku zilipokaribia moyo wangu ulianza kugoma. Kupita mbele ya nyumba ya mama mkwe bila kuingia ni aibu, kuingia ni marufuku, na kumfungia mama mzima ndani kwa ajili ya starehe yangu niliona ni ukorofi. Nikabuni njia nyingine. Tungepanda boti mpaka kisiwa cha Kilwa kilicho katika ziwa letu, kutoka hapo boti jingine litupeleke ng'ambo Kongo, na malori yatupandishe mpaka Pweto. Chienge tungeizunguka kwa mbali, na mama angekaa barazani kwake kwa raha. Ujumbe wa pili sikutuma. Mtu atatangazaje kwamba hapiti?

Siku ya safari mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ndani ya boti kila abiria alijifunika plastiki yake, hata usijue nani ni nani na mzigo ni upi. Nilimweka mke wangu mbele yangu, nikapata nyuma yangu kitu laini chini ya plastiki nyeusi, nikadhani ni godoro, nikaegemea. Nilistarehe kabisa. Na mtu akistarehe mdomo nao unafunguka.

Nilianza kwa kusifu akili yangu. Nikaendelea kwa kusema kwamba yote haya, kulowa huku, kuzunguka huku, ni kwa sababu ya mama yake. Nikamwambia, "Mama yako anangoja nini? Nikikufa njo ataniingiza? Atakuya ku kilio yangu akisimama nyuma ya mulango?" Mke wangu alinyamaza, nami nilidhani amekubali. Nikaongeza habari ya yule mkwe mvivu. Niliongeza mambo mengine ambayo sitayaandika.

Godoro likajongea.

"Mwana wangu," likasema, "ambia bwana yako atoshe kiwiko kwa mugongo yangu."

Lilisema kwa Kiswahili. Lingeweza kusema kwa Kibemba, lugha ya mtoto wake, lakini lilichagua Kiswahili ili nijue kwamba limesikia yote.

Tukaja kuelewa baadaye. Mama alipopata ujumbe wetu alifikiri: mkwe wangu ana safari ndefu, nikibaki hapa atalazimika kushuka lorini na kupita porini kunikwepa, na mvua hii. Basi akaona ni heshima ampishe kabisa. Akafunga nguo zake, akapanda lori kushuka Nchelenge, akapita mbali na nyumba yetu, akaja bandarini kuvuka kwenda kwa kaka yake, mvuvi wa kisiwani Kilwa. Kila mmoja wetu alikuwa amemzunguka mwenzake kwa adabu kamili. Waswahili husema umeruka mkojo ukakanyaga mavi, nami naomba radhi kwa kuitaja kauli hiyo karibu na mama mkwe.

Mwendo uliobaki niliufanya nikiwa nimeinama mbele, mikono magotini, sigusi mtu.

Kisiwani upepo ukachafuka. Hakuna boti lililothubutu kwenda ng'ambo, wala lililorudi Nchelenge. Pa kulala palikuwa mahali pamoja tu, kwa yule kaka wa mama, mjomba wa mke wangu, mzee mwenye hasira ya mvuvi aliyefungiwa ziwa. Alinipa kibanda chake cha kukaushia samaki, kilichokuwa kitupu kwa msimu ule lakini kikinuka kama kimejaa. Mama mkwe akapewa jikoni. Katikati palikuwa na uwanja wa matope, na katika matope yale mke wangu akaanza kazi yake. Mama anauliza kama shifyala ana blanketi. Shifyala anasema analo, na anaomba radhi kwa maneno ya botini. Mama anasema maneno gani, hakusikia maneno. Shifyala anasema anashukuru. Mama anasema, ila lile la mlango alilisikia.

Siku ya pili, akiwa kati ya kibanda na jiko, mke wangu alisimama. Kisha akakaa. Alikaa chini, ndani ya matope, kwa kitenge chake kizuri cha vakansi.

"Nimechoka," akasema. "Sibebe tena neno ya mutu. Mukitaka kusemezana, muko na midomo."

Mjomba alitoka akamtazama, akatutazama sisi, mmoja kwenye mlango huu na mwingine kwenye ule, akarudi ndani. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mke wangu akikataa kitu, na niliogopa. Niliona aibu pia. Nilikuwa nimempangia nchi tatu, na kitu kimoja alichoniomba kilikuwa mbele yangu nami sikuweza kumpa.

Kwenye nguzo ya kibanda alifungwa kuku. Nikamgeukia.

"Weye kuku," nikasema kwa sauti ya kufika jikoni, "ambia mama kama miye niko na haya juu ya mutoto wake. Ambia mama aseme kosa yangu ni nini."

Kisha mama mkwe akasemeza chungu chake.

"Chungu, ambia kuku aulize ule bwana: Bakongomani banavuka, banaoa, banavuka tena, hatubaone. Nitamuonyesha mutu nyungu zangu namna gani, na kesho ataenda? Sasa nasikia anapeleka mutoto wangu mu inchi tatu. Atamuacha ku gani?"

Miaka saba nilikuwa nimengoja kosa langu, nikidhani ni tumbaku, au ufukara, au uvivu wa mwenzangu uliopendeza kuliko bidii yangu. Nikaokota mawe, nikachuchumaa uwanjani. Nikaweka jiwe la Nchelenge, la Pweto, la Kalemie, la Kigoma, la Mpulungu, nikimweleza kuku kila moja. Jiwe la mwisho niliweka juu ya lile la kwanza.

Mama mkwe alikuwa ametoka mlangoni. Nikainamisha macho.

"Kuku, ile njia inarudia?"

"Inarudia, mama," nikasema, na kuku sikumtaja.

Alisema sherehe inataka wajomba wote, ngoma, na vyungu vyake vya Chienge. Mjomba akapaza sauti kutoka ndani kwamba mjomba ni yeye, kuku ndiye yule, na kama hawatamchinja leo watampisha yeye alale. Nikamwonea huruma kuku, maana alikuwa ametusaidia sana. Lakini alichinjwa.

Upepo ulitulia siku chache baadaye, tukarudi nyumbani kuziba paa. Mwaka uliofuata vita vilifunga njia za ng'ambo, na duara langu halikutembewa na mtu. Sikulisikitikia sana.

Jioni ile ya kuku tulikaa wote jikoni kuzunguka ugali. Mama mkwe alinikatia paja kwa mkono wake, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa la kunikosoa: kupanda kwa Pweto ni ujinga, mvua imekula barabara. Nikamwambia malori yanapita. Akasema malori yanapita kwa nani. Nikamwambia mama, miye ni mutu wa kule. Akasema mutu wa kule njo wa kwanza kukwama. Tukapandisha sauti wote wawili, mjomba akaguna, nami kwa mazoea nikageuka kumtafuta mke wangu atuamulie.

Alikuwa amelala. Ameegemea ukuta, mdomo wazi, sahani magotini, mkono bado una tonge. Nikanyoosha mkono nimtikise. Mama mkwe akanishika kifundo cha mkono, akaiondoa ile sahani kabla haijaanguka.

"Usimulamushe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ule ametembea sana."