Mwonjaji anayeisubiri pua yake

Saa nne asubuhi, mwanamke ambaye wenzake humwita Mama Pua anainamia glasi ndogo ya mvinyo mtamu. Anaizungusha, ananusa, anaonja, anatema kwenye ndoo.

"Utamu upo. Ukali upo, unachoma koo vizuri," anamwambia fundi wa mapipa. "Harufu sisikii."

Mvinyo huu huongezwa pombe kali kabla haujamaliza kuchachuka, ndiyo maana hubaki mtamu. Ulimi huonja sukari, lakini pua ndiyo huamua kama pipa liko tayari. Na pua hiyo, iliyosomesha wanawe wawili, iliondoka na mafua miezi mitatu iliyopita. Isiporudi kufikia mwisho wa mwezi, meneja atamweka mwonjaji mwingine.

Kwa nini asibahatishe tu, namuuliza. Anacheka. "Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Pipa likiharibika, nitamtazamaje fundi?"

Kwa sababu ya kazi hii, nyumbani kwake hakuna aliyekuwa akijipaka manukato. Mumewe, dereva mstaafu wa lori, ameoga kwa sabuni ya kufulia tangu ujana. Pua ilipopotea, mzee wa watu akaona zamu yake imefika: akanunua chupa, akajipulizia mpaka soksi. Jirani alipomsifu kwa kunukia, Mama Pua alilia.

"Nilimuuliza, baba watoto, ndiyo umeshaizika pua yangu?"

Chupa ilitupwa siku hiyohiyo. Sasa kila asubuhi mume humfunga macho kwa kitambaa, akamsogezea karafuu, kahawa, ganda la chungwa. Akijibiwa "hapana", husema, "Basi kesho, mama." Inagusa moyo kumsikia.

Fundi anamimina kutoka pipa jingine. Mama Pua ananusa, anasita, ananusa tena.

"Ngoja. Kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria?"

Fundi, aliyelichoma pipa hilo kwa ndani kwa mkono wake ili mvinyo upate harufu hiyohiyo, anageukia ukutani na kupangusa macho.

"Usilie, sijaliamua bado," anamtania. Kisha ananigeukia. "Kesho nitanusa tena. Likinijibu, nitamwambia meneja nimerudi."

Na lisipojibu?

Anaifunika glasi kwa kiganja, harufu isitoroke.

"Basi huyo mwingine nitamfundisha mwenyewe. Mapipa haya nimeyalea, siwezi kuyaacha yatima."