Mudogo, Tia ya Mbili

Mashine yetu ya ofisini, kule mtaa wa Panda, ilikuwa na ugonjwa wa kusahau. Diski yake ya ndani ilikufa, betri ikafuata, na umeme wa miaka ile ulikatika ovyo. Kila ulipokatika, mashine ilizinduka ikidhani tuko mwaka wa themanini. Tuliitania kwamba yenyewe ndiyo yenye akili, maana mwaka wa themanini mishahara ilikuwa bado inafika.

Tulikuwa wanawake wawili, tukitunga programu ya kuhesabu vipuri vya stoo. Mwenzangu alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita yaya, naye aliniita mudogo. Kuiandaa mashine asubuhi ilikuwa kazi ya watu wawili: mimi nabadilisha disketi, yeye anaandika amri. "Mudogo, tia ya mbili," angesema, nami nikishaitia najibu, "Tayari." Mashine ikiwa inasoma, sisi tulisengenya ofisi nzima. Sijapata kupenda kazi nilivyopenda kule kungoja.

Kisha watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaambiwa waondoke mkoani kwetu. Baba yake yaya ndiye aliyetoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini. Yaya mwenyewe alizaliwa hapo hapo Panda, na Kasai hakuwahi kuiona. Jina lake lilitosha. Walimtoa kazini, wakamtoa nyumbani, akaenda kukaa gare, yaani stesheni, na watoto wake katikati ya umati wa wenzake, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Mimi nikabaki na mashine nisiyoweza kuiandaa, maana amri zote zilikuwa kwenye vidole vya yaya. Mkuu wetu alisema ikishindikana ataifungia stoo, na mimi nirudi nyumbani. Nikafunga ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo kwenye kitambaa, nikaenda gare. Majirani walikuwa wameninong'oneza nisionekane kule. Niliogopa sana, lakini nilienda.

Nilimkuta amekaa juu ya godoro lililokunjwa, chini ya shuka alilolitundika lizuie jua. Nilimweleza shida yangu.

"Peke yako utachoka," alisema. "Andika byote ndani ya faili moja, mashine itajisomea yenyewe." Nikashika kalamu. Akatikisa kichwa. "Leo nakupa ya clavier tu. Ingine, kesho."

Amri hiyo ya kibodi ndiyo iliyozipanga herufi. Bila hiyo unabonyeza A, kioo kinakuandikia Q. Ni mstari mmoja mfupi tu, angeweza kunipa mistari yote siku ile ile. Kesho yake mimi nami nilimwambia, "Yaya, sikusikia muzuri. Rudia tena." Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Alirudia polepole, watoto wake wakila, na hakuna kati yetu aliyesema kwa nini tunakawia hivyo. Faili likakua mstari kwa mstari. Sikutaka liishe.

Halafu likanigomea. Kila nilipotoa disketi ya kwanza ili nitie nyingine, mashine ilisimama ikaidai ile ya kwanza, mstari baada ya mstari. Nilipompelekea yaya malalamiko hayo alicheka, na tangu aende gare sikuwa nimemwona akicheka.

"Faili umeiacha mu disketi," alisema. "Ijibebe kwanza mu mémoire ya mashine, kiisha disketi itoke."

"Na pale inangojea disketi, niandike nini ku kioo?"

"Andika vile tulikuwa tunasemaka."

Asubuhi iliyofuata faili lilikwenda kutoka mwanzo hadi mwisho, mashine ikajiandaa yenyewe huku mimi nabadilisha disketi tu. Sikungoja hata saa ya chakula. Nilikwenda gare mbio kumwambia.

Treni ilikuwa imeondoka alfajiri. Pale alipokaa palikuwa na majivu ya mbabula aliyokuwa akipikia, na kamba ya lile shuka. Nililia pale pale mbele ya watu, bila kujali nani ananiona.

Habari zake sikuzipata tena. Baadaye tulipewa diski iliyotolewa kwenye mashine nyingine mbovu, nikaweka kila kitu ndani yake, disketi zikaenda kabatini. Mkuu wetu aliona kwamba asubuhi mashine bado inasimama katikati, ikisubiri mtu abonyeze ndipo iendelee. Akaniambia niondoe ile mistari ya kungoja disketi, haina kazi. Nikasema ndiyo, nitaiondoa.

Sikuiondoa. Kila asubuhi niliwasha mashine, nikakaa kwenye kiti changu, si kile cha yaya, nikangoja. Kioo kiliandika: Mudogo, tia ya mbili. Hapakuwa na disketi ya kutia. Nilijibu kwa sauti, "Tayari," nikabonyeza, nayo ikaendelea.