Kiti cha Profesa Brekke

Kwa miaka thelathini na minne Ansel Brekke alikaa kwenye kiti kilekile, katika chumba kilekile chini ya ardhi, akitazama nukta nyekundu ikitembea ukutani kwa mwendo ambao ungemchosha konokono. Aliipenda kazi hiyo. Chuo cha Almira kilikuwa kidogo, kimezungukwa na misonobari na ziwa linaloganda miezi mitano ya mwaka, na imani yake kuu ilikuwa kwamba mtu asihitimu akiwa anajua kitu kimoja tu. Kwa hiyo wanafizikia walisomeshwa ushairi, wakateseka, na washairi wakateremshwa ngazi hadi kwa Brekke.

Huko chini kulikuwa na mizani. Haikupima unga wala samaki. Ilikuwa fimbo fupi yenye gololi ya madini ya risasi kila ncha, ikining'inia kwa uzi mwembamba kuliko unywele ndani ya kisanduku cha kioo. Ukisogeza karibu yake matufe mawili makubwa ya risasi, zile gololi huvutwa, kwa sababu kila kitu duniani huvuta kila kingine, kidogo mno, bila kuchoka. Fimbo hugeuka, kioo kilichobandikwa juu yake hurusha nukta ya mwanga ukutani, na mwanafunzi huandika ilipofika kila nusu dakika, kwa saa mbili. Huandika kwa wino. Kwa Brekke penseli ilikuwa chombo cha waongo. Ukikosea ulipiga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka, ukatia sahihi na kuandika saa.

Vitabu vyote vilisema jibu, yaani kipimo cha nguvu ya mvuto huo, ni 6.67. Almira walipata 7.3. Kila mwaka. Wanafunzi walishaligeuza kosa hilo kuwa mila. Kila darasa lilichapisha fulana zenye 7.3 kifuani. Brekke mwenyewe aliwahi kuandika kurasa kumi na moja kuthibitisha kwamba mkosaji ni ziwa, ambalo barafu yake ikipasuka hutikisa ufuko. Ziwa halikujibu.

Machi ya mwaka wake wa thelathini na nne, mkuu wa masomo, Lucinda Farrow, alimpa barua ya kustaafu, ya heshima sana, akamwomba aitie sahihi kabla ya Ijumaa saa kumi.

"Nikiondoka, mizani ile imekufa," alisema Brekke. "Inataka mtu wa kuiangalia."

"Ansel, una miaka sabini na moja. Hata mimi nataka mtu wa kuniangalia, lakini sijamkalisha mtu kitini miaka thelathini. Niletee sababu ya kweli na barua nitaichana."

Usiku wa kuamkia Ijumaa hakulala sana. Asubuhi aliandika chini ya barua, kwa wino: *Sikubali. Mizani inanihitaji.* Akaikunja, akaitia mfukoni.

Ijumaa mchana alishuka na chupa yake ya kahawa na mkate wake wa samaki wa siki. Akawakuta Odessa Trautman, mshairi wa mwaka wa tatu, na mwenzake Cormac Yoder, mpiga tromboni, wamekaa sakafuni katikati ya madaftari ya miaka yote.

"Mbona hampimi?"

Cormac akamgeukia Odessa. "Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenye maneno."

"Prof, nimeyasoma yote."

"Yote? Una ugonjwa gani?"

"Ni matamu. Kuna mtu kaandika pembeni ya jedwali: nukta imetulia, mimi je?"

"Huyo alifeli."

"Sawa. Lakini kuna mwaka walipata 6.7."

"Nilikuwa nimevunjika mguu. Sikuwepo kuwaangalia, nikajua wamenakili kitabuni."

"Na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, wewe ukiwa kwenye kikao cha walimu, wanapata 6.7."

Bomba la maji ya moto liligugumia ukutani. Brekke alikitazama kiti chake. Kila matufe yalipohamishiwa upande wa pili, naye alihamisha kiti upande huohuo, apate kuona vizuri.

"Samahani, Prof," alisema Cormac kwa upole. "Una kilo ngapi?"

Tisini na sita. Tufe la tatu, laini, tena lenye joto, likizivuta gololi na kupasha hewa ndani ya kisanduku. Jambo hilo alilifundisha kila mwaka, wiki ya pili. Alikuwa ameyahesabu matreni, mabomba, wacheza ngoma wa ghorofa ya juu na ziwa zima, asijihesabu yeye.

"Hiyo ni dhana," alisema hatimaye. "Dhana hufanywaje?"

"Hupimwa," walijibu kwa pamoja, kama watoto wa kanisani.

Wakampima. Akiwa kitini, nukta iliegemea upande wake upana wa kidole. Akiwa mlangoni, iliegemea nusu ya hapo. Kisha wakamtoa nje, kwenye theluji inayoyeyuka, wao wakibaki chini, Odessa akimpungia mkono kupitia kidirisha kilicho usawa wa ardhi: rudi nyuma.

Akarudi nyuma, akihesabu hatua, kwa sababu umbali sharti uandikwe. Jua lilikuwa jeupe. Kwa mbali ziwa liliguna chini ya barafu yake, lisilo na hatia. Alijihisi akivutwa na misonobari, na mnara wa kanisa, na wale vijana wawili kule chini, na yeye akiwavuta, kidogo mno, bila kuchoka, na kila hatua uzi ukilegea pasipo kukatika. Mkono ukapunga tena. Nyuma zaidi. Kidirisha kikawa kidogo kama stempu, na ndani yake nukta nyekundu, imesimama tuli mahali pake, haimtaki mtu.

Hatua ya mia moja na kumi na nane, kisigino chake kiligonga ngazi za ofisi ya utawala.

Alipoingia, Farrow aliinua macho. "Umeniletea sababu?"

"Nimeleta umbali."

Akaikunjua barua mezani, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yake ya asubuhi, akatia sahihi.

"Hilo kosa linasomeka," alisema Farrow. "Ngoja nikupe karatasi safi."

"Haifanywi hivyo," alisema Brekke, akageukia saa ya ukutani, akaandika pembeni: saa tisa na dakika hamsini na mbili.