Njia ya Mzee Kalinga

Watu wa Ilomba wakisema mama yangu Sekela ana hasira, nawajibu: ndiyo, anazo, na mimi nimezirithi. Ngojeni niwaambie zilikotoka.

Masika ya mwaka hamsini na sita, dada yangu Yudith alifia uzazini huko Mlandege, Iringa, alikoolewa na Ambrosi. Simu ya maandishi ilitufikia hapa Ilomba, Mbeya, siku ile ile, Jumatatu jioni. Sasa, kwetu sisi, binti hafukiwi mpaka mama yake amfunike nguo kwa mikono yake mwenyewe. Ambrosi alilijua hilo, tulimwambia tangu siku ya posa. Basi mama akatafuta shuka nyeupe ya marekani, na Jumanne alfajiri tukapanda basi, mimi na yeye. Baba alikuwa mgonjwa wa miguu, akabaki.

Basi gani lile! Chimala tukakwama. Igawa tukakuta mto umefurika, tukalala pale pale na nguo mbichi mwilini. Jumatano kutwa tukalisukuma kwenye tope, wanawake kwa wanaume, mama kaifunga ile shuka kichwani isiguswe hata na tone. Chakula hakuonja. Kila mara anamwuliza dereva, "Bado maili ngapi?" mpaka yule bwana akaacha kumjibu.

Tukaingia Mlandege Alhamisi saa nane mchana. Yudith alikuwa amezikwa tangu jana yake asubuhi.

Ambrosi analia tu, hatutazami usoni. Aliyesema ni baba yake mkubwa, Mzee Kalinga, ambaye maisha yake yote alifika Mbeya mara moja, tena kiangazi, ndani ya gari dogo la mzungu ambaye yeye alikuwa mpishi wake. Eti aliwaambia ndugu zake, "Mbeya? Chai unakunywa huku, ugali wa mchana unakula kule." Jumanne ikaisha hatujaonekana, akakata shauri kwamba tumesusa. Tumesusa! Mtoto wetu wenyewe! Na baridi yote ile ya Iringa, wameshindwa kungoja siku moja?

"Asiyekuwapo na lake halipo, mkwe," akasema.

Wee! Nilitaka kumrukia. Mama akanishika mkono. Wakaleta ng'ombe wa kutupoza, akamkataa.

"Sitaki ng'ombe wenu," alisema. "Nakutaka wewe, Kalinga, uliyepima njia kwa mdomo. Twende ukampe baba yake habari. Kwa basi."

Waombolezaji wote wanasikia, angekataaje? Akapanda. Ijumaa mvua, Jumamosi tope. Alisukuma yule mzee, viatu vyake vikabaki Igawa, na sikumwonea huruma hata chembe. Jumapili jioni tukafika Ilomba, yeye yuko pekupeku.

Baba alikuwa ameketi kitandani. Akapokea pole, kisha akauliza taratibu, "Umetoka lini Iringa, ndugu yangu?"

"Juzi alfajiri."

"Mmekuja moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Na mwanangu mlimngoja siku ngapi?"

Mama akafungua kifurushi chake, akaitoa ile shuka, haina doa, akamwekea Kalinga mapajani.

"Rudi nayo," akamwambia. "Ukamfunike wewe unayeijua njia."